Mtoto asiye na bima ana haki gani katika kliniki?

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue mahali pa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, mnamo Oktoba 1, 2024, wazazi wengi, hasa wale wanaoishi kwa kutegemea vibarua, wamekuwa wakiuliza swali moja: Je, mtoto ambaye wazazi wake hawana bima anaweza kupata chanjo?

Jibu ni kwamba anaweza, na wala hahitaji kuonyesha kadi ya bima ya aina yoyote. Chanjo zilizo katika mpango wa taifa hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Fedha za kuzinunua hazitoki katika michango ya wanachama wa bima, bali katika kodi za wananchi na misaada ya wafadhili, hususan shirika la kimataifa la Gavi.

Hata hivyo, jibu hilo, japo ni la kweli, halitoshi. Lau lingetosha, kusingekuwa na watoto wanaofikia umri wa kwenda shule bila kukamilisha chanjo zao. Makala haya yanaeleza kile anachostahili kupata mtoto asiye na bima, na kuchunguza ni kwa nini watoto wengine hukikosa ilhali hakiuzwi.

Walio nje ya bima

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka 2022 ulibaini kwamba takriban mtu mmoja tu kati ya wanne humu nchini ndiye aliyekuwa na bima ya afya. NHIF, ambayo iliasisiwa mwaka 1966, ilijengwa juu ya mgongo wa mfanyakazi wa mshahara, ambaye mwajiri wake humkata fedha kabla hazijamfikia mkononi. Mchuuzi, mvuvi, mfugaji na yaya hawakuwa na mwajiri wa namna hiyo.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 ilikusudia kuliziba pengo hilo. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Wasio na mshahara hufanyiwa tathmini ya uwezo wao wa kifedha na kutakiwa kulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo ndipo wengi walipokwama. Mwaka 2025 serikali ilianzisha utaratibu wa kulipa polepole, lakini anayepata riziki yake ya leo kwa jasho la leo huona hata hiyo polepole kuwa ni haraka.

Kuna tofauti ambayo imewachanganya wazazi, na baadhi ya makarani wa hospitali pia. Kujisajili ni jambo moja na kulipa ni jambo jingine. Sheria zilizopitishwa mwaka 2023 ziliweka mifuko mitatu. Wa kwanza ni Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, ambao hugharamiwa na kodi na hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Wa pili ndio bima yenyewe, ambayo hutegemea michango na hulipia huduma katika hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu.

Ili mtoto atibiwe homa au kikohozi katika zahanati chini ya mfuko wa kwanza, mzazi hutakiwa awe amejisajili na SHA na kumworodhesha mtoto, lakini hahitaji kuwa amelipa. Kujisajili hakuna malipo. Kwa hivyo mzazi ambaye hana uwezo wa kulipa bado ana sababu nzuri ya kujisajili, kwani mtoto huugua bila kumpigia mtu hodi.

Chanjo, kupimwa uzani, matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ambazo ndizo huduma za kinga, hazimo katika hesabu hizo za bima. Mama anayeambiwa akalipe SHA kwanza ndipo mwanawe achanjwe ameelezwa jambo lisilo la kweli, na ana haki ya kuomba kumwona msimamizi wa kituo.

Kile anachostahili mtoto

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 53 kinamtaja mtoto waziwazi: ana haki ya lishe ya kimsingi, makazi na huduma za afya. Katiba haikuongeza maneno "iwapo wazazi wake wamelipa."

Kwa vitendo, haki hiyo huanza pindi mtoto anapozaliwa. Hupewa chanjo ya BCG ya kumkinga dhidi ya kifua kikuu, pamoja na matone ya kwanza ya polio. Akitimiza wiki 6, kisha 10 na 14, hurudishwa kliniki kwa matone zaidi ya polio na sindano moja inayochanganya kinga dhidi ya magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria aina ya Hib wanaosababisha uti wa mgongo na nimonia. Katika kipindi hicho hicho hupata chanjo ya nimokoka na ile ya rota, ambayo huzuia aina kali ya kuhara. Akiwa na wiki 14 huchanjwa dhidi ya polio kwa sindano pia.

Akifikisha miezi 9 huchanjwa dhidi ya surua na rubela, na chanjo hiyo hurudiwa akiwa na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatembea, anakula, anaonekana mzima, na mama yake huenda tayari ana mimba nyingine.

Chanjo dhidi ya homa ya matumbo iliingizwa nchini kupitia kampeni ya kitaifa ya siku kumi iliyofanyika Julai 2025, ambapo walengwa walikuwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Katika maeneo ya Ziwa Victoria na magharibi mwa nchi, ambako malaria ni tishio la kila siku, mtoto hupata pia dozi nne za chanjo ya malaria. Ya kwanza hutolewa akiwa na miezi 6. Chanjo hiyo ilizinduliwa nchini katika Kaunti ya Homa Bay mnamo Septemba 2019, na Kenya, Ghana na Malawi zilikuwa nchi za kwanza duniani kuitoa katika kliniki za kawaida. Katika baadhi ya kaunti za Bonde la Ufa, zikiwemo Baringo na Elgeyo Marakwet, huongezwa chanjo ya homa ya manjano.

Kadhalika kuna huduma ambazo si sindano. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, mtoto anapaswa kupata vitamini A kila baada ya miezi sita, na kuanzia mwaka mmoja dawa za minyoo kwa kipindi kama hicho. Anapaswa kupimwa uzani na urefu, na mkono wake wa juu kuzungushiwa utepe wenye rangi tatu. Mkono ukipungua sentimita 11.5, utepe huonyesha rangi nyekundu, ishara ya utapiamlo mkali unaohitaji matibabu bila kukawia. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano. Utepe huu ni kipande tu cha plastiki, lakini umewaokoa watoto wengi ambao mama zao walidhani ni wembamba kwa sababu ya ukoo.

Wasichana, wanapofikia umri wa miaka 10, huchanjwa dhidi ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019.

Faida ya haya yote si ya kukisia. Mwaka 2003, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai humu nchini, 115 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeteremka hadi 41. Zipo sababu kadhaa, vyandarua vilivyotiwa dawa vikiwa mojawapo, lakini mchango wa chanjo haupingiki. Watafiti walioko Kilifi, ambao wamefuatilia afya ya wakazi wa eneo hilo kwa miaka mingi, waligundua kwamba baada ya chanjo ya nimokoka kuanza kutolewa mwaka 2011, maambukizi makali yaliyosababishwa na aina za bakteria zinazolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Funzo la malipo madogo

Wapo wanaosema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba mzazi akichangia hata kidogo atajali zaidi. Hoja hii ilikuwa na wafuasi wengi serikalini na miongoni mwa wakopeshaji wa kimataifa katika miaka ya 1980. Desemba 1989 serikali ilianzisha utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za umma. Mahudhurio yalishuka kwa kiasi cha kushtua hata ada ya kujiandikisha ikasimamishwa mwaka uliofuata, kisha malipo yakarudishwa kidogo kidogo kwa sura nyingine.

Mwaka 2004 malipo hayo yalipunguzwa hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya, huku watoto wa chini ya miaka mitano wakisamehewa. Juni 2013 yaliondolewa kabisa katika ngazi hizo mbili.

Msomaji anayetaka kujua kama shilingi chache huleta tofauti hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo, kwa kuwa majaribio mawili mashuhuri zaidi duniani kuhusu suala hili yalifanywa magharibi mwa Kenya.

La kwanza lilifanyika Busia. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwapa wanafunzi wa shule 75 za msingi dawa za minyoo. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer waliufuatilia na kubaini kwamba utoro shuleni ulipungua kwa takriban robo. Mwaka 2001 wazazi katika baadhi ya shule hizo walitakiwa kuchangia kiasi kidogo, wastani wa senti 30 hivi za dola ya Marekani kwa kila mtoto. Idadi ya watoto waliomeza dawa katika shule hizo ilikuwa chini kwa asilimia 80 ikilinganishwa na shule zilizoendelea kupata dawa bure. Isitoshe, malipo hayakuwachuja wasiohitaji. Waliolipa hawakuwa wale wenye minyoo zaidi.

Jaribio la pili lilihusu vyandarua kwa akina mama wajawazito wanaohudhuria kliniki. Wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waligundua kwamba chandarua kilipouzwa kwa Sh40 badala ya kutolewa bure, sehemu ya akina mama waliokichukua ilipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure walikitumia sawasawa na walionunua. Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, na sehemu ya kazi iliyompa heshima hiyo ilifanywa katika madarasa ya Busia.

Ikiwa Sh40 zinaweza kumzuia mama kuchukua chandarua kilichoko mbele yake, basi nauli ya kwenda na kurudi kliniki ni kizuizi kikubwa zaidi. Hili ndilo jambo linalosahauliwa tunapotangaza kwamba huduma ni ya bure.

Gharama zisizoandikwa

Hebu tuhesabu. Mbali na siku aliyozaliwa, mtoto anatakiwa kufika kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 6, 9, 12, 18 na 24. Hizo ni safari nane, mbali na zile za kupimwa uzani na za maradhi ya kawaida. Kwa mama anayefua nguo za watu mtaani, kila safari ni siku moja ya kibarua iliyopotea, na pengine tajiri atamwita mtu mwingine kesho yake. Kwa mama wa Wajir au Turkana, safari moja huenda ikawa mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Si ajabu basi kwamba taswira ya taifa huficha mengi. Uchunguzi wa 2022 ulisema kwamba asilimia 80 ya watoto wa kati ya miezi 12 na 23 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Katika Kaunti ya Vihiga walikuwa zaidi ya tisa kati ya kumi. Katika Kaunti ya Garissa hawakufika robo.

Kisha kuna suala la kichupa, ambalo halizungumzwi sana. Kichupa kimoja cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10, na kile cha BCG huwa na dozi 20. Kikishafunguliwa na kuchanganywa na maji yake, ni lazima kitumike ndani ya muda wa saa sita au kitupwe. Muuguzi mwenye vichupa viwili kwenye jokofu na mtoto mmoja mbele yake hujikuta njia panda.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi katika kibaraza cha zahanati moja mashambani na kushuhudia mama akirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. "Mama, tafadhali rudi Alhamisi, tutakuwa na watoto wengi," muuguzi alimwambia kwa upole. "Sawa, sista," mama akajibu, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na hakuna kilichoandikwa popote. Kama alirudi Alhamisi ile, sijui.

Shirika la Afya Duniani, WHO, hushauri kichupa kifunguliwe hata kwa ajili ya mtoto mmoja, kwa kuwa dozi tisa zilizomwagwa ni nafuu kuliko mtoto mmoja asiyerudi. Lakini ushauri huo unamfaa muuguzi ambaye ana hakika kwamba shehena nyingine itafika, na hakika hiyo mara nyingi haipo. Mei na Juni 2025 chanjo za BCG na polio ziliadimika katika sehemu nyingi za nchi. Wazazi wenye uwezo walizunguka hospitali za kibinafsi wakitafuta. Wasio na uwezo walirudi nyumbani na watoto wao.

Migomo nayo imechangia. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulianza Juni na kuendelea hadi Novemba. Muuguzi ndiye anayechanja, hivyo mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa mgomo huo katika eneo lisilo na kliniki nyingine aliweza kupitwa na wiki ya 6, ya 10 na ya 14 bila kuguswa na sindano.

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, serikali kuu hununua chanjo nazo kaunti husimamia zahanati, majokofu na wauguzi. Mpangilio huu una mantiki, ila chanjo zinapokosekana kila upande humnyooshea mwenzake kidole. Gazeti nalo hunukuu pande zote mbili kwa usawa, tukadhani tumetimiza wajibu wetu.

Aidha, kuna kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kinastahili kutolewa bure, lakini kinapokosekana wazazi huambiwa wanunue daftari la shule liandikwe humo tarehe za chanjo. Daftari hilo halina ramani ya ukuaji wala nafasi iliyo wazi ya kumkumbusha mama kwamba miezi 18 imefika.

Na kuna msichana wa miaka 16 aliyejifungua. Hana kitambulisho cha taifa, kwa kuwa hutolewa kwa waliotimiza miaka 18, na kwa hivyo hawezi kujisajili kwa jina lake kama mtu mzima. Kama amefukuzwa nyumbani, hana mzazi wa kumsajili. Mtoto wake bado anastahili chanjo zote zilizotajwa hapo juu, lakini msichana huyu ndiye mwepesi zaidi kuamini anapoambiwa hastahili, na ndiye mwoga zaidi wa kusemeshwa vibaya kwenye foleni.

Mtoto aliyefika lakini akapitwa

Wataalamu wa afya husisitiza jambo jingine: watoto wengi wasiokamilisha chanjo hawakukosa kufika hospitalini. Walifika, lakini kwa shughuli nyingine. Aliletwa akiwa na kikohozi, akapewa dawa, akaondoka. Hakuna aliyeuliza kijitabu chake kiko wapi.

Marekani, nchi tajiri ambako bima ndiyo inayofungua milango mingi ya hospitali, ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Kati ya 1989 na 1991 surua ilizuka huko, ikaambukiza makumi ya maelfu ya watu na kuua zaidi ya 100. Uchunguzi ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliougua hawakuwa wamechanjwa, ijapokuwa wengi wao walikuwa wamekwisha kumwona daktari. Daktari aliyewaona watoto wasio na bima alikuwa akiwaelekeza kwenye kliniki ya umma kwingineko, na safari hiyo ya pili haikufanyika.

Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 1993 mpango wa serikali kununua chanjo za watoto wasio na bima na kuzipeleka kwa madaktari ambao tayari wanawatibu. Ulianza kazi mwaka 1994 na ungalipo.

Kenya haina haja ya kuunda mpango kama huo, kwani chanjo zetu tayari hazitegemei bima. Kinachohitajika ni ile nusu ya pili, yaani chanjo kuwepo mahali mtoto alipo siku hiyo. Zahanati inayochanja Jumanne na Alhamisi tu, huku ikitibu siku tano, humpita mtoto siku tatu kwa wiki. Hospitali ya kibinafsi inayopokea chanjo za serikali bure kisha kutoza ada ya huduma humpita asiye na ada.

Kufuata mtoto nyumbani

Hatua yenye matumaini zaidi ni ile ya wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha takriban wahudumu 100,000, kila mmoja akipewa mkoba wenye vifaa vya kupimia, ukiwemo ule utepe wa mkono, pamoja na simu ya kuandikia taarifa. Kila mmoja husimamia nyumba 100 hivi. Marupurupu yao yaliwekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Mhudumu kama huyo anajua ni nani amejifungua nyumbani, nani amehamia kutoka mtaa mwingine na mtoto wa nani hajaonekana kliniki. Hakuna kompyuta ya Nairobi inayoweza kujua hayo. Sh5,000 kwa kazi hiyo si fedha nyingi, na zinapochelewa, kama ambavyo wahudumu katika kaunti mbalimbali wamelalamika, anayeumia wa kwanza ni yule mtoto wa nyumba ya mia.

Tangu mwaka 2007 kumekuwepo pia wiki za Malezi Bora, ambazo hufanyika Mei na Novemba. Vitamini A na dawa za minyoo hupelekwa hadi katika shule za chekechea, mahali ambapo watoto wamekusanyika tayari. Busara yake ni ile ile iliyoonekana Busia. Mzazi haombwi nauli wala siku ya kazi.

Gharama ya mambo haya sasa inaelekea kubebwa na Wakenya wenyewe. Kenya imo katika kipindi cha kuondoka hatua kwa hatua chini ya ufadhili wa Gavi, na inatarajiwa kununua chanjo zote kwa fedha zake kufikia mwisho wa muongo huu. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada la USAID, ambalo lilikuwa likigharamia sehemu kubwa ya shughuli za afya humu nchini, na ikatangaza kwamba ingesitisha mchango wake kwa Gavi. Uhaba wa Mei na Juni mwaka huo umewaonyesha wazazi jinsi hali inavyoweza kuwa bajeti ya chanjo ikichelewa hata kwa majuma machache. Wabunge watakapokuwa wakipitia makadirio ya Wizara ya Afya, fungu la chanjo ndilo la kutazamwa kwanza, kwa sababu halina chama cha wafanyakazi cha kulipigania.

Mzazi afanye nini

Mzazi ambaye hana bima na ambaye mtoto wake amepitwa na tarehe asikae nyumbani kwa hofu ya kukaripiwa. Ampeleke katika kituo cha umma kilicho karibu pamoja na kijitabu, au hata lile daftari. Kama vyote vimepotea, aende hivyo hivyo na kueleza anachokumbuka, kwani kituo alikochanjiwa mtoto huenda bado kina rejista yenye jina lake. Mafua madogo au homa ndogo si sababu ya kuahirisha chanjo.

Chanjo zilizokatizwa haziwezi kuharibika mwilini, na mtoto haanzishwi upya. Aliyepata dozi ya wiki 6 pekee huendelea na ile ya pili, hata kama miezi mingi imepita, ila kwa chanjo ya rota, ambayo ina kikomo cha umri. Dozi mbili za aina moja zinazofuatana huhitaji kupishana kwa wiki nne angalau, lakini chanjo za aina mbalimbali zinaweza kutolewa siku moja, kwa hivyo mzazi anaweza kumwomba muuguzi ampe mtoto zote anazostahili kabla hajaondoka.

Akiambiwa hakuna chanjo, aulize ni lini itafika na aache nambari ya simu kwa muuguzi au kwa mhudumu wa afya wa mtaa wake. Akiambiwa asubiri watoto wengine wafike ndipo kichupa kifunguliwe, aeleze anakotoka na nauli aliyolipa. Wauguzi wengi, wakielezwa hivyo, hukifungua.